Giza ni Mali ya Nani?

Mtu asomaye gazeti kwa koroboi akiambiwa kwamba ziko nchi ambako giza hulindwa kama tembo, atacheka, nasi hatumlaumu. Ameungoja umeme miaka mingi, na watoto wake husoma machozi yakiwatoka kwa moshi. Haki yake ya kupata taa hatuitilii shaka hata kidogo.

Hata hivyo habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2007 mbuga ya Natural Bridges, katika jimbo la Utah huko Marekani, ilitambuliwa rasmi kuwa mbuga ya kwanza duniani ya mbingu zenye giza. Mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand, nchini Namibia, ikawa ya kwanza kupewa heshima ya namna hiyo barani Afrika. Taa hazikupigwa marufuku. Hufunikwa kwa juu ili zimulike chini, penye miguu ya watu, na zisipohitajiwa huzimwa.

Basi twauliza: mwenye hoteli akiwasha taa kali kando ya mbuga, amemwibia nani? Shamba la mtu hakuligusa, wala mnyama hakumpiga risasi. Atasema nuru ni yake, kailipia. Lakini nuru ipandayo angani haimwonyeshi mtu njia wala haimsomeshi mtoto. Ameilipia bure, nayo yawanyima wengine kitu walichokuwa nacho. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mtu mmoja katika kila watatu duniani hawezi tena kuiona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, mahali anapokaa. Wazee wetu walikitazama Kilimia wakajua majira ya kulima. Hata dundu aviringishaye mavi huifuata Njia ya Maziwa ili asipinde; wataalamu walilitangaza jambo hili mwaka 2013, baada ya kumvika kikofia huko Afrika Kusini asione mbingu, naye akapotea. (Kazi nyingine za wataalamu zachekesha!)

Wako watakaosema kwamba mbuga ni za watalii, na watalii wataka mwanga. Twakataa. Mbuga ni za taifa zima, pamoja na wale wasiozaliwa bado. Tulikwisha kubaliana kwamba humo hatutachukua kila kinachochukulika. Hatuoni kwa nini mapatano hayo yakome jua linapotua.

Na kifuniko cha taa ni kipande cha bati tu. Fundi yeyote wa mjini aweza kukikata kabla ya chakula cha mchana.