Mgonjwa ni Nani?

Mtu hasikii maumivu popote. Anakula anashiba, analala usingizi wake. Daktari anamwambia ameze dawa ya kuharisha usiku kucha, kesho yake utumbo mpana upigwe kamera. Huyu ni mgonjwa au mzima? Na siku hiyo ikiangukia Ramadhani, afunge au ale?

Nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili hospitalini hapa Columbus, Ohio, na swali hili nililetewa nyumbani na mzee wa mtaani kwetu, Muunguja mwenzangu, ambaye namwita ami. Alikuwa ameshapanga kila kitu. "Mwanangu, vidonge vya kwanza nitameza baada ya kufuturu, vya pili wakati wa daku, halafu nanuia, naenda zangu na saumu yangu. Maji nitapunguza, nisije nikashindwa kusimama tarawehe."

Nilimwambia, "Ami, tukae kwanza." Nikafungua kiboksi chake mezani.

Dawa yenyewe inaitwa Sutab, na imeruhusiwa Marekani tangu 2020. Ndani mna vichupa viwili, kila kimoja na vidonge 12, na kikombe cha plastiki chenye mstari unaoonyesha maji yafike wapi: mililita 473. Jioni ya kuamkia kipimo unameza vidonge 12 kimoja kimoja, na kikombe kimoja cha maji, kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Baada ya saa moja unakunywa kikombe cha pili taratibu, kisha unapumzika nusu saa, unakunywa cha tatu. Awamu ya pili inarudia yale yale, kati ya saa tano na nane kabla ya kipimo, na maji yote yawe yamekwisha angalau saa mbili kabla. Ukijumlisha, ni karibu lita tatu. Wengi macho yao huishia kwenye vidonge, wakayaona maji kama ya kusindikizia tu.

Vidonge hivi ni chumvi: salfeti ya sodiamu, salfeti ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Sehemu kubwa ya chumvi hizo haifyonzwi na mwili, hubaki utumboni ikivuta maji, na maji hayo ndiyo yanayousafisha. Usipokunywa, yatatoka mwilini mwako. Hapo chumvi za damu huvurugika, na mtu anaweza kuzimia, moyo ukaenda mbio ovyo, figo zikaumia, hata akashikwa na degedege. Ndiyo sababu mwenye maradhi ya figo au ya moyo, mwenye kisukari, anayetumia dawa za presha au za maumivu kama ibuprofen, hana budi kumweleza daktari kabla hajakifungua hicho kichupa. Tena vidonge si vya aina moja. Vile vya zamani vya fosfeti ya sodiamu viliwahi kuharibu figo za watu, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru viwekewe onyo lake zito kuliko yote. Kwa hiyo usimeze vilivyobaki kwa jirani.

Ami anatumia dawa ya presha, ile ya kukojoza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakusema.

Sasa turudi kwenye saumu. Ami ni mtu wa dini kweli, na mpango wake ulitoka moyoni. Lakini aliamini, kama wengi wetu tulivyolelewa kuamini, kwamba taabu ikizidi na thawabu huzidi. Mimi siamini hivyo. Ruhusa aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 185, imo katika aya ile ile iliyoamrisha saumu. Anayeipokea amri na kuikataa ruhusa amechagua nusu ya aya. Zaidi ya hayo, katika madhehebu ya Shafi, tuliyosomeshwa sote chuoni Unguja, kitu kinachoingizwa ndani ya mwili kwa njia iliyo wazi hubatilisha saumu, na mpira wa kamera unaingia kwa njia hiyo. Ami angeshinda na kiu, mwili umekauka, kwa ajili ya saumu ambayo ingevunjika pale pale kitandani.

Lakini yeye alikuwa na hoja nzito kuliko yangu. "Ruhusa ni ya mgonjwa. Mimi naumwa nini?"

Nimelifikiri sana jambo hili. Vinyama vinavyoota utumboni huchukua miaka, mara nyingi kama kumi, kabla kimoja hakijageuka saratani, na miaka yote hiyo mwenyewe hahisi kitu. Kipimo hiki hukiona kinyama, na daktari hukikata papo hapo. Ndiyo maana watu wa hapa wanashauriwa kuchunguzwa hata bila dalili, na tangu 2021 wanashauriwa kuanza wakiwa na miaka 45, badala ya 50. Basi ikiwa ugonjwa ni maumivu tu, hao wote ni wazima. Ila aya ile imemtaja mgonjwa pamoja na msafiri, na msafiri huenda haumwi hata kidole. Naona kinachotazamwa ni dhara linalohofiwa kwa sababu ya kweli, si kelele za mwili peke yake.

Kwa hiyo mimi nawatenga watu wawili. Aliyeitwa kwa sababu ya umri tu, hana dalili yoyote, hana haja ya kuuchagua mwezi wa Ramadhani. Apige simu, asogezewe siku hadi baada ya Idi. Lakini ami kipimo chake cha choo kilikuwa kimeonyesha damu isiyoonekana kwa macho, na mwenye jibu kama hilo huyu ni mgonjwa, hata kama anapanda ngazi kwa kukimbia. Aende, ale anachoruhusiwa, anywe, alipe siku baadaye.

Swala haimwondokei. Akipata nafasi ya kutosha kati ya choo na choo, atawadhe aswali hapo. Asipoipata, wanavyuoni wameshaeleza hukumu ya mwenye udhuru: anatawadha baada ya wakati kuingia, anaswali faradhi yake. Tarawehe ni suna, ataikosa usiku ule bila dhambi. Stara nayo inahifadhika. Omba daktari wa jinsia yako, na kama hayupo, dharura ina nafasi yake. Na jeli ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya vyakula vinavyoruhusiwa kabla ya kipimo, iulizie, kwa sababu nyingi za hapa zina gelatini inayotokana na ngozi ya nguruwe. Chai ya rangi na mchuzi wa kuku uliochujwa vinatosha.

Tulipiga simu kwa muuguzi tukiwa pale pale mezani. Daktari alipojua habari ya dawa ya presha, alimbadilishia ami vidonge, akampa unga wa kuchanganya na maji.

Nawaomba masheikh wetu, hapa ughaibuni na huko nyumbani, mwezi wa Shaabani wanapofundisha hukumu za saumu, wamtaje na mtu huyu anayejiona mzima. Na wamwambie waziwazi kwamba maji yale ayanywe yote.