Uso wa Hasimu

Waswahili husema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii ina ukweli wake, na umri wake ni mkubwa. Lakini methali, kama dawa, hudhuru ikitumiwa pasipo kipimo. Wako watu waifanyao sheria ya maumbile: wakiona watu wawili hodari katika kazi moja, huamua mara moja kwamba mmoja wao ni wa ziada. Hawaulizi zizi ni la nani. Hawaulizi hali ya majike na ndama wakati mafahali wanapopigana. Swali linalostahili kupimwa ni hili: je, heshima ya mtu hupungua kwa kusimama pamoja na mshindani wake, au hupungua kwa kumkimbia?

Swali hilo laweza kupimwa kwa mfano wa wachezaji wawili wa sinema za Marekani: Sylvester Stallone, aliyezaliwa New York mwaka 1946, na Arnold Schwarzenegger, aliyezaliwa Austria mwaka 1947. Wote wawili walipata jina kwa picha za mapigano, na katika mwaka mmoja, 1985, mmoja alitoa picha ya pili ya Rambo na mwenziwe akatoa Commando. Sifa zao hazikukomea katika miji mikubwa ya dunia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, lakini mkanda wa video ulikwisha kutangulia. Katika miji kama Korogwe, penye njia panda ya reli na barabara, na Handeni, iliyo mwendo wa kilomita 65 hivi kutoka huko, mabanda ya video yaliwakusanya vijana juu ya mabenchi ya mbao kutazama vita ambavyo lugha yake wengi hawakuielewa, lakini maana yake hakuna aliyeikosa. Jina la Rambo likaingia hata sokoni, likawa jina la mfuko wa plastiki wa kuchukulia sukari na nyanya, likadumu hivyo mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mtu ambaye jina lake limefika katika kapu la mama wa nyumbani amekwisha kushinda ushindi ambao bunduki haiwezi kuupata.

Hata hivyo, penye sifa ya wawili hapakosi ubishi wa wengi. Nani zaidi? Nani angemshinda mwenziwe wakikutana? Swali hili la mabandani lilikuwa pia swali la wachezaji wenyewe. Baadaye, walipokwisha kupatana, walikiri hadharani kwamba walishindana kwa ukubwa wa misuli, kwa ukubwa wa silaha walizoshika, na kwa hesabu ya maadui waliowaua katika picha. Schwarzenegger amesimulia hata hila moja: alijifanya anautamani mswada ambao aliuona dhaifu, ili mshindani wake auwahi. Stallone akauwahi, na picha hiyo ikatoka mwaka 1992 bila ya kumwongezea sifa. Ndivyo husuda ilivyo: hufurahia hasara ya jirani kuliko faida yake yenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waandishi wawili, Mike Werb na Michael Colleary, waliandika mchezo ambao uliwaziwa kwa ajili ya mashujaa hao wawili. Uliitwa Face/Off. Mambo yake kwa ufupi ni haya. Askari wa upelelezi anamwinda mhalifu aliyemwulia mwanawe. Ili aipate siri ya mhalifu huyo, askari anakubali kuvuliwa uso wake kwa upasuaji na kuvikwa uso wa adui. Mhalifu naye, baada ya kuamka, anauchukua uso wa askari, anaingia nyumbani kwake, anakaa na mke wake na binti yake. Kila mmoja anaishi ndani ya sura ya yule anayemchukia.

Kwa wachezaji wengine mchezo huo ni kazi ngumu tu. Kwa mahasimu wawili ungalikuwa mtihani wa roho. Yeyote awezaye kuinua chuma aweza kumpiga mwenziwe ngumi mbele ya kamera. Lakini mchezo huu uliwataka zaidi: Stallone ajifunze mwendo wa Schwarzenegger, na Schwarzenegger ajifunze sauti ya Stallone, kila mmoja amtazame mwenziwe kwa makini ambayo kwa desturi hupewa mtu apendwaye. Haiwezekani kumwiga mtu vema pasipo kumfahamu, na haiwezekani kumfahamu pasipo kugundua kwamba naye ana hofu, ana uchovu, na ana sababu zake. Mapigano ya bunduki yalikuwa jambo dogo katika mswada huo. Jambo kubwa lilikuwa amri yake kwamba kila mtu auvae uso wa hasimu wake.

Mchezo huo hawakuucheza. Mswada ulipita mikono mingi, na mwaka 1997 ukatoka katika picha iliyoongozwa na John Woo, ikichezwa na John Travolta na Nicolas Cage. Picha ilikuwa nzuri na ilisifiwa. Lakini mchezo ule uliowaziwa kwa mahasimu wawili wa kweli ulibaki katika karatasi, na hapana mtu atakayeuona. Sababu za kazi za sinema kutotimia ni nyingi: fedha, wakati, mikataba, na mashauri ya wenye mali. Si haki kuwatwika wachezaji wawili mzigo wote. Linalofaa kupimwa ni mchezo wenyewe ulitaka nini, na kwa nini jambo hilo ni zito kwa kila binadamu, awe na misuli au asiwe nayo.

Yamkini mtu atajibu kwamba ushindani ni baraka. Jawabu hilo lina haki yake. Mji wa Tanga, ambao ndio bandari ya watu wa Korogwe na Handeni, uliwahi kuwa na vyama viwili vya taarabu vilivyosifika Afrika Mashariki nzima, Black Star na Lucky Star, na kila kimoja kilimnoa mwenziwe kama jiwe linoavyo kisu. Stallone na Schwarzenegger nao wamesema kwamba kila mmoja alifanya bidii zaidi kwa sababu ya mwenziwe. Hayo ni kweli. Lakini kisu hunolewa ili kikate kitu kingine. Kisu kinolewacho tu, pasipo kutumiwa, huisha. Ushindani ni mwema maadamu washindani wanakubali kwamba iko kazi iliyo kubwa kuliko wao wote wawili. Kazi hiyo ikisahauliwa, hubaki nafsi mbili zikipimana urefu katika giza.

Sinema yenyewe ina sehemu katika lawama hii, kwa maana imeyafundisha macho kutafuta mshindi. Hili si jambo geni katika nchi ya Korogwe. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ndiko kulikokuwa na makao ya jaribio la kwanza kubwa la kuwatengenezea Waafrika wa mashariki picha za mafunzo, kati ya mwaka 1935 na 1937, chini ya Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha zipatazo 35 zilitengenezwa, zikahusu kilimo, afya, kodi na akiba. Baadhi yake ziliweka watu wawili kando kwa kando: mwenye busara aliyeshika mafundisho, na mpumbavu aliyeyaacha. Mtazamaji hakuachiwa kazi ila kuchagua upande, na upande wenyewe ulikwisha kuchaguliwa. Picha za mashujaa zilizokuja miaka 50 baadaye zilikuwa na moto mwingi zaidi, lakini mizani yake ilikuwa ile ile: mmoja asimame, mmoja aanguke. Mswada wa nyuso mbili uliivuruga mizani hiyo, kwani mtazamaji angalimshangilia mtu kwa sura yake na kumlaani kwa moyo wake katika dakika moja.

Historia ya nchi hiyo hiyo inaonyesha gharama ya mashujaa wawili wasiokubali jukwaa moja. Kitabu cha Habari za Wakilindi kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, katika nchi iliyokuwa Handeni na leo ni Kilindi, akapanda Usambara na kupewa ufalme wa Vuga. Hakuupata kwa kumwangusha mwenye kiti. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, na watu wakampenda. Lakini vizazi vilivyofuata vilisahau nyama na kukumbuka kiti. Kimweri ye Nyumbai alipokufa katika miaka ya 1860, Vuga ilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Na Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekaa Mazinde penye njia ya misafara na bunduki, akamfukuza. Hapo mafahali walipigana kweli. Semboja alishinda, lakini alichokishinda hakikuwa tena kile alichokipigania: nchi ilipasuka, Wabondei wakaukataa utawala wa Wakilindi, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Zizi lilivunjika, na majike na ndama ndio waliolipa.

Basi je, hapana njia nyingine? Iko, na haikutoka mbali. Makabila ya Tanzania yana desturi ya utani, ambayo aghalabu huwaunganisha watu waliowahi kupigana au kukutana kwa mashaka njiani na mashambani. Mtani huruhusiwa kusema lile ambalo ndugu hathubutu. Huchukua kitu cha mtani wake pasipo kuitwa mwizi. Na siku ya msiba yeye ndiye atendaye kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzitenda. Katika misiba mingi mtani huiga mwendo wa marehemu, sauti yake, na hata vituko vyake, mpaka wenye machozi wakacheka. Huko ni kuuvaa uso wa aliyekuwa hasimu. Jambo ambalo mswada wa Hollywood ulilibuni kwa visu vya madaktari, wazee walilitenda kwa kanga na fimbo, wala hawakuliita sanaa, waliliita wajibu. Utani hauondoi ushindani, ila huufundisha adabu. Humwambia kila mmoja: mcheke mwenzio, lakini mjue kiasi cha kuweza kumwiga, na ukiweza kumwiga hutaweza kumwangamiza.

Stallone na Schwarzenegger walikutana mwishowe. Mwaka 2010 walionekana pamoja kwa muda mfupi katika The Expendables, na mwaka 2013 wakacheza bega kwa bega katika Escape Plan, mmoja akiwa na miaka 67 na mwingine 66. Ulikuwa upatanisho mwema, lakini ulifika jioni. Nguvu ambayo ingalifanya kukubali kwao kuwe na thamani ilikuwa imepungua, kwani sadaka ya mwenye kitu si sawa na sadaka ya aliyekwisha kufilisika. Tanzania nayo ilikuwa na mahasimu wake wa sinema, Steven Kanumba na Vincent Kigosi, ambao mashabiki walipenda kuwapambanisha. Hao hawakungoja uzee: walicheza pamoja katika Oprah mwaka 2008, wakiwa vijana na sifa zao zikipanda. Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki, akiwa na miaka 28. Laiti wangalisema watakutana wakiisha kuzeeka, hapana mkutano ambao ungalikuwapo.

Kila mtu ana mswada wa namna hii usiochezwa: neno asilomwambia jirani, kazi aliyoikataa kwa kuwa jina la mwenziwe lingetangulia, sifa aliyoizuia kinywani kwa hofu kwamba ingempunguza. Karatasi zake hazionekani, lakini hasara yake huonekana katika nyumba, katika ofisi na katika mataifa. Na watazamaji wasijitoe lawamani, kwani wao ndio waulizao kila siku nani zaidi, na mtu husikiliza sana swali ambalo huulizwa na wengi. Mafahali hawana lugha ya kupatana, ndiyo sababu zizi huwashinda. Binadamu amepewa lugha, amepewa kicheko, na amepewa uwezo wa kujiona katika sura ya mwingine. Asipovitumia, methali ya ng'ombe itamhusu kwa haki.