Maji Yanayong'aa



Leo nina habari ya samaki. Si wale 153 wa Petro, ni wanne tu, samaki wa dhahabu, waliokuwa kwenye tangi la kioo la lita 80 sebuleni kwa mjomba wangu, Raskazone. Kwaresima moja mjomba alisafiri wiki tatu akaniachia ufunguo. Maagizo yalikuwa mafupi: wape chakula kidogo, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, kila Jumamosi toa robo ya maji uweke mengine, sponji ya chujio usiiguse mpaka nirudi.

Jumamosi ya kwanza nilitii. Ya pili nikaona, aa, maji si yanang'aa? Nikawamwagia chakula cha siku mbili kwa mpigo, nikaenda zangu kuogelea.

Mtego uko hapo hapo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi na chakula kinachooza chini huiongeza. Amonia ni sumu, tena haina rangi, kwa hiyo tangi linaweza kung'aa kama bahari ya asubuhi na samaki ndani yake anaungua. Kinachomwokoa ni bakteria wema wanaokaa kwenye sponji na kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kiasi. Ile robo ya maji ya kila wiki ndiyo inayoiondoa naitreti kabla haijarundikana. Kazi yenyewe ni ya ndoo moja na kipande cha mpira, haifiki nusu saa.

Wiki ya tatu kioo kikaanza ukijani, harufu ikatoka, samaki wakawa wanahema juu juu. Nikashtuka. Na mimi nikishtuka huwa nafanya mambo makubwa! Niliwahamishia samaki kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto kwa jiki, sponji nikaifua mpaka ikawa nyeupe, nikajaza maji ya bomba muda ule ule. Maji ya bomba yana klorini. Yalipaswa kukaa wazi kwenye ndoo angalau siku nzima. Sikujua. Tangi likapendeza, nikalipiga picha. Baada ya siku nne hapakuwa na samaki hata mmoja.

Mjomba aliporudi nilimwamkia huku natazama chini. Akaitikia, akaiangalia ile sponji nyeupe, akasema, "Mjomba, uchafu haukuwaua hawa. Umewaua wewe kwa usafi wa siku moja."

Sasa niwaambie kwa nini neno lile lilinichoma. Kwaresima hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya vijana na moyo wangu nao nikauosha kwa jiki. Kuna jambo nililokuwa nalikimbia, na wengi wenu mnalijua: picha chafu kwenye simu usiku. Basi nikafuta kila kitu, nikatoka kwenye magrupu yote, nikaahidi rozari nzima ya mafungu ishirini kila siku, kuamka saa tisa usiku kusali na kufunga mpaka Ijumaa Kuu. Siku kumi tu. Nilipoanguka nilianguka vibaya kuliko mwanzo, na aibu ikanifungia mlango. Kuanzia Pasaka ile mpaka baada ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria sikupokea Ekaristi. Nilikaa benchi la nyuma, wenzangu wakisimama kwenda kukomunika mimi najifanya nasoma kitabu cha nyimbo. Dominika mbili sikwenda kabisa. Nilikuwa karibu kuacha, nasema kweli.

Someni Mathayo 12:43-45. Yesu anasimulia juu ya nyumba ambayo pepo mchafu ameitoka. Anaporudi anaikuta imefagiwa na kupambwa, lakini iko tupu, naye anakwenda kuleta wenzake saba. Miaka yote niliisoma kama habari ya mapepo, sikuuona utupu. Nyumba yangu nilikuwa nimeifagia sana, ila hapakuwa na mtu wa kukaa ndani.

Ndiyo maana Kanisa, katika Katekisimu namba 1458, linahimiza sana tuungame hata makosa yetu ya kila siku, ingawa si lazima kabisa. Na Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliwataka wenzake wachunguze dhamiri mara mbili kwa siku, mchana na usiku. Ni mambo madogo, yanachosha, hayapigwi picha. Lakini msinielewe vibaya: dhambi ya mauti haipunguzwi robo robo. Hiyo inaungamwa yote, mapema. Nazungumzia yanayofuata baada ya kutoka kwenye kiti cha maungamo.

Mimi nilipoungama, mwezi huo wa Agosti, nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Padre alisikiliza, akanipa malipizi ya fungu moja la rozari. Moja! Nilitamani aniongezee. Nikaenda nyumbani nikalisali, na kesho yake moja, na hapo ndipo nilipobaki kwa muda mrefu. Simu inalala sebuleni. Jumamosi moja kila mwezi naungama. Rafiki mmoja ana ruhusa ya kuniuliza.

Mjomba naye alikaa wiki sita na tangi lenye maji na mwani tu, akilirudishia bakteria polepole, ndipo akaweka samaki wawili. Wanne, alisema, hata mwanzo walikuwa wengi. Ufunguo amenipa tena.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika saa nne usiku, joto lile la Februari, na maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Mashine ya hewa ikazima. Mjomba alinifundisha: unachota maji ya tangi kwa kikombe, unayamwaga kutoka juu yajichanganye na hewa, unachota tena. Umeme ulirudi saa saba. Mkono uliniuma mpaka Dominika.