Jani la kweli na jani la picha

"Mwalimu, huyu mchoraji alidanganya." Ndivyo alivyotuambia mwanafunzi mmoja siku tulipoonyesha darasani picha ya tablo ya Pilipili Mulongoy, kando yake ukurasa wa kitabu cha botaniki. Kwa kitabu, kila jani lina mishipa yake. Kwa Pilipili, ndege na samaki wako katikati ya mimea iliyojaa nukta nukta, na hakuna mtu anaweza kusema huu ni muti gani.

Tulitaka kumkatalia haraka, lakini swali lake lilitusumbua. Pierre Romain-Desfossés, aliyefungua atelie ya "Le Hangar" kule Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1946, aliwaacha vijana wachore bila kuiga Wazungu. Pilipili akashika nukta, Mwenze Kibwanga vistari, Bela vidole vyake. Sawa. Lakini uhuru huo unampa mtu ruhusa ya kubadilisha jani ambalo Mungu aliumba?

Tuangalie basi kile kitabu. Ua limefunguka, tunda limeiva, mbegu imepasuliwa, vyote pamoja kwa ukurasa mmoja. Wapi tuliona muti wa namna hiyo? Mchoraji wa sayansi naye aliangalia miti mingi, akaacha jani lililoliwa na wadudu, akatengeneza mmoja ambao haujaota popote. Tofauti iko kwa ahadi. Yeye anaahidi kwamba tukiingia porini tutautambua ule muti. Pilipili hakuahidi hivyo; alituonyesha namna pori linavyojaa, pasipo nafasi tupu. Uwongo ni kuvunja ahadi, si kuacha mshipa wa jani.

Na ahadi ya kitabu ina mpaka wake. Muhogo mkali na muhogo mtamu, mara nyingi hata picha nzuri haiwezi kuitenganisha. Mama mwenye shamba ndiye anajua, naye analoweka ile mikali siku kadhaa mbele ya kuianika. Anayeamini picha peke yake anaweza kula sumu. Majani ya Pilipili, hakuna atakayeyapika sombe!

Yule mwanafunzi hakukubali. Tukamtuma nyuma ya darasa achore jani la muhogo, sawasawa na lilivyo. Alirudi na karatasi nyeupe. Kwa shina lilelile, jani moja lilikuwa na vidole vitano, lingine saba. Akatuuliza achore lipi.