Shukrani ya Aliyefika

Uwanja wa Kisauni una njia moja ya kurukia. Ndege kubwa kutoka Ulaya na videge vya kutoka Dar huipokezana. Juzi kidege chetu kilizungushwa juu ya bahari ili kubwa itangulie. Nikakumbuka Nairobi, 5 Machi 2024: Dash 8 yenye watu 44 iligongana na Cessna ya mafunzo karibu na Uwanja wa Wilson. Kubwa ilirudi salama. Wawili wa Cessna walikufa.

Tulipotua, jirani yangu alisema, "Alhamdulillahi." Nami nikaitikia, kisha nikajiuliza: wale 44 walishukuruje? Kushukuru si kosa. Kosa ni kushukuru kana kwamba anga ni langu peke yangu. Shukrani inayowasahau wale wawili, nadhani, ni furaha tu ya kuponea.