Mtoto Asingoje Kupona Ndipo Apige Kayamba

Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada: "Pasta, huyu wangu ana mtindio wa ubongo, mkono wa kushoto haumtii. Kukaa na timu ya sifa kutamsaidia nini?"

Mimi nilisomea biashara, neno "faida" nalijua. Na faida ipo. Tazama kayamba letu la hapa Kwale: matete yamefungwa pamoja, mbegu ziko ndani. Hulipigi kwa mkono mmoja. Unalishika kwa yote miwili, unalitikisa kushoto na kulia, vidole gumba navyo vinapiga. Mkono wenye nguvu unausaidia ule mzito, na mdundo unauambia mwili wakati wa kusogea. Ndiyo maana wataalamu wa tiba hutumia mdundo hata katika mazoezi ya kutembea. Polepole mtoto anaweza kupata nguvu ya kushika kijiko au kufunga kifungo cha shati.

Lakini hapo pana mtego. Tukimkaribisha kwa ajili ya faida tu, yule ambaye mkono wake hautafunguka tumwambie nini? Mtoto si duka la Ukunda, kwamba lisipoingiza pesa lifungwe.

Mtego wa pili ni wetu sisi tuliookoka. Tunamwombea uponyaji, na naamini Mungu anaponya. Ila tukishaomba, tunamkalisha pembeni angoje muujiza ndipo ahesabiwe kati ya wanaoabudu. Hebu someni 2 Samweli 9. Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili, akala mezani pa mfalme Daudi siku zote, na sura inaisha miguu ikiwa vile vile. Meza haikumngoja apone. Zaburi 150 nayo inataja matari, zeze, filimbi na matoazi, kisha inamwita kila aliye na pumzi. Ustadi wa vidole haukuwekwa kuwa sharti.

Wengine mtasema atavuruga wimbo. Kweli, mara nyingine atachelewa. Basi timu ya sifa ipunguze mwendo kidogo, ngoma kubwa imsubiri.

Wazazi wa Diani, wa Msambweni, msiwafungie nyumbani. Jumapili waleteni, tuwape makayamba. Mkono ukifunguka, tutamshukuru Mungu. Usipofunguka, Jumapili inayofuata kayamba lake atalikuta.