Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

Kuna suala moja ambalo halikosi kwenye baraza zetu za hapa Maskati, hasa Alhamisi usiku wanapokutana watu wa rika mbalimbali kwa kahawa na halwa. Mzazi ana kijana wa miaka kumi na sita, mguu wake mzuri, skuli wanamsifu, na jamaa aliyeko Marekani ametia neno kwamba vyuo vikuu vya huko huwasomesha vijana kwa mpira. Basi mzazi humgeukia yule anayeaminika kuwa anaujua mchezo, akamwuliza: "Khalu, wewe umecheza. Huyu atafika?"

Majibu tunayoyajua ni mawili. La kwanza ni tamu: "Inshallah atafika, mashallah kijana ana kipaji." La pili ni chungu: "Mwache asome, mpira haumpi mtu mkate." Tunataka kusema hapa kwamba majibu yote mawili, kama tulivyozoea kuyatoa, ni njia za kulikwepa suala. La kwanza linamfurahisha mzazi kwa usiku mmoja. La pili linamwondolea msemaji lawama. Hakuna hata moja linalomtazama kijana mwenyewe. Ndipo tunapojiuliza: mtu anayeombwa kuhukumu mustakabali wa mtoto wa mwenziwe, ana deni gani kwa mtoto huyo?

Tuanze na methali tunayoiegemea sote. Wazee wamesema nyota njema huonekana asubuhi, na sisi tukaichukua kama kipimo: aliye hodari akiwa mdogo ndiye atakayekuwa hodari akikua. Tuipime kwa yaliyotokea katika nchi hii tunayoishi.

Mwaka 1995, timu ya vijana wa Oman wa chini ya miaka 17 ilikwenda Ecuador kwenye mashindano ya dunia na ikamaliza nafasi ya nne. Mchezaji bora wa mashindano yale, aliyepewa Mpira wa Dhahabu, alikuwa kijana wa Kiomani, Mohammed Al-Kathiri. Hebu tulitafakari jambo hilo: siku ile, kwa hukumu ya watu wanaojua, mchezaji bora wa umri wake duniani alikuwa mtoto wa hapa. Asubuhi gani ing'ae zaidi ya hiyo? Hata hivyo, jina lake halikuja kusikika kwenye viwanja vikubwa vya Ulaya. Tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Nii Lamptey wa Ghana mwaka 1991, ambaye Pelé mwenyewe alimtaja kuwa mrithi wake, naye maisha yake ya mpira hayakufika pale alipotabiriwa. Lakini tuzo hiyo walipewa pia Cesc Fàbregas mwaka 2003, Toni Kroos mwaka 2007 na Phil Foden mwaka 2017, na hao dunia nzima inawajua. Waamuzi ni walewale, kipimo ni kilekile, na safari zikawa mbalimbali.

Upande wa pili tunaye Ali Al-Habsi wa Al-Mudhaibi. Huyu alikuwa mzimamoto kwenye uwanja wa ndege wa Seeb. John Burridge, Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha makipa wa Oman, ndiye aliyemwona na kumtilia mkazo. Mwaka 2003 akenda Norway kuchezea Lyn ya Oslo, na mwaka 2004 akachaguliwa kipa bora wa nchi hiyo. Mwezi wa Januari 2006 akaingia Bolton Wanderers, akawa Muomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwanza alikaa muda mrefu kwenye benchi nyuma ya Jussi Jääskeläinen. Baadaye, akiwa Wigan Athletic, alichaguliwa mchezaji bora wa klabu kwa msimu wa 2010/11. Sisi tulioishi hapa tunaukumbuka Januari 2009, Oman ilipolitwaa Kombe la Ghuba hapahapa Maskati kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Saudia, na Al-Habsi akiwa golini. Nani katika baraza zetu angemwambia mzazi wa mzimamoto yule kwamba mwanawe atafika Uingereza?

Kuna jambo jingine linalotia ukungu asubuhi hiyo. Mashindano ya vijana hupanga umri kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe mosi Januari. Kwa hivyo mtoto wa Januari na mtoto wa Disemba huhesabiwa kuwa wa rika moja, ingawa mmoja amemzidi mwenziwe karibu miezi kumi na miwili. Katika umri wa miaka kumi na minne miezi hiyo ni urefu, ni kifua, ni mbio. Kocha humchagua aliye mkubwa akidhani anachagua kipaji, kisha aliyechaguliwa hupata mafunzo mazuri zaidi, na mwisho wake huwa hodari kweli. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walilionyesha hilo kwa wachezaji wa hoki ya barafu wa Kanada, na baadaye likaonekana kwenye mpira wa miguu pia. Al-Habsi alizaliwa tarehe 30 Disemba 1981. Mbwana Samatta wetu wa Mbagala, aliyetoka TP Mazembe akenda Genk na kisha Aston Villa, ni mtoto wa Disemba 1992. Watu wawili hawathibitishi kitu, lakini wanatosha kumtia mwenye busara wasiwasi kabla hajamwambia mtoto mwembamba kwamba si wa kiwango.

Na wala tusidhani kwamba wenye fedha na vyombo wanaona mbali kuliko sisi. Mwaka 2009 timu za mpira wa kikapu za Marekani zilikaa kuchagua vijana. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeupitia Chuo Kikuu cha Connecticut, alichukuliwa wa pili. Tulijivuna naye, na bado tunajivuna, kwani alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Lakini siku ileile Stephen Curry alichukuliwa wa saba, yule ambaye vyuo vikubwa havikumpa nafasi alipokuwa skuli kwa kumwona mdogo wa mwili, akaishia chuo kidogo cha Davidson. Leo anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo. Watu wale wanalipwa kwa kazi ya kutazama vijana, na wana mikanda ya video na madaktari. Ikiwa wao hupotea hivyo, mzee wa baraza aliyemtazama kijana mara mbili kwenye mchanga wa Qurum ana hakika gani?

Je, basi tunyamaze? La hasha. Msomaji atatwambia: ikiwa hakuna anayejua, mwacheni kila mtoto aote. Hapo ndipo kosa la pili linapoingia. Kutojua hatima ya mtu mmoja si sawa na kutojua kitu. Kuna hesabu ya kundi na kuna hukumu ya mtu. Hukumu ya mtu tumeona ni dhaifu. Hesabu ya kundi inajulikana, na kumficha mzazi ni khiyana.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika wavulana wanaocheza mpira wa miguu kwenye skuli za sekondari za Marekani, wanaopata kucheza katika vyuo vya chama kikubwa cha michezo ya vyuo, yaani NCAA, ni kadiri ya watano au sita katika kila mia. Wanaofika daraja la kwanza ni kiasi cha mmoja tu katika mia. Na hao ni watoto wa hukohuko, ambao makocha wanawaona kila wiki. Kijana wa Maskati anashindania nafasi hizo pamoja na vijana wa Ujerumani, Uhispania na Norway waliolelewa kwenye akademia za klabu, wengine wamemzidi miaka miwili au mitatu. Wala kucheza si kusomeshwa bure. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza ya wanaume iliruhusiwa misaada ya masomo isiyozidi 9.9 kwa timu nzima, na kocha akiigawa vipande vipande. Utaratibu huo ulibadilika mwaka 2025 kwa vyuo vilivyoingia katika mapatano mapya ya mahakama, ambapo kinachowekewa mpaka sasa ni idadi ya wachezaji, 28. Lakini ruhusa ya kutoa si sawa na kutoa. Vyuo vya daraja la tatu havitoi msaada wowote kwa ajili ya michezo, na ada pamoja na malazi katika vyuo vingi binafsi hupita dola 60,000 kwa mwaka.

Mzazi aliyesikia "inshallah atafika" bila ya kusikia hayo amedanganywa, hata kama msemaji hakutamka uongo. Neno inshallah ni la kheri, ila kuna wanaolitumia kama pazia. Anayemtakia mtoto kheri huisema inshallah kisha akataja na hesabu.

Sasa tuzitazame gharama za makosa yenyewe. Ukimpa kijana matumaini ya uongo, gharama inaonekana: masomo yamelegea, fedha za familia zimeliwa na wakala, na pengine pasi ya kusafiria imo mikononi mwa mtu asiyejulikana. Ukimvunja moyo kijana aliyekuwa na uwezo, gharama haionekani kabisa. Hakuna atakayekuja barazani miaka kumi baadaye kukulaumu kwa ajili ya mchezaji ambaye hakupata kuwa. Ndiyo maana wazee wengi huona salama kukataza: kosa lao halina shahidi. Lakini kosa lisilo na shahidi linabaki kuwa kosa.

Tunafahamu kwa nini jamii yetu inaegemea upande huo. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka Unguja na Pemba baada ya 1964 wakiacha nyumba, mashamba na maduka. Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, waliopokelewa kwa haraka ni wale waliokuwa na ualimu, uuguzi, uhandisi, uhasibu na Kiingereza. Somo lililobaki vichwani mwetu ni kwamba nyumba hutaifishwa, elimu haitaifishwi. Mzee anapomwambia mjukuu "soma" hamchukii mpira wake. Anamkabidhi kitu pekee kilichomvusha yeye bahari. Tusimcheke. Lakini pia tusiufanye woga wetu kuwa kipimo cha miguu ya mtoto.

Basi tunaona deni la mwenye kuulizwa ni mambo manne. Kwanza, aseme hesabu ya kundi waziwazi, mbele ya mzazi na mbele ya kijana, kwa kuwa maisha ni ya kijana. Pili, ahukumu kinachoonekana leo na si roho ya mtu. "Mguu wako wa kushoto haufanyi kazi" ni maneno ambayo kijana anaweza kuyafanyia kitu kesho alfajiri. "Huna kipaji" ni mlango uliofungwa, na aliyeufunga hana ufunguo. Tatu, ashauri njia ambayo mtu anaweza kurudi nyuma. Kijana anayecheza na kusoma akikosa mpira bado yupo njiani, na hata vyuo vya Marekani vyenyewe hutaka alama za darasani kabla ya kumruhusu mtu kuvaa jezi. Nne, mwenye kupata fungu katika jibu asihukumu. Wakala anayelipwa kijana akisafiri hawezi kuwa shahidi wa uwezo wa kijana huyo, hata akiwa ami yake wa damu.

Wapo watakaopinga kwamba ukweli wa hesabu unaua ari, na kwamba kama Al-Habsi angeelezwa uwezekano wake angebaki kuzima moto. Tunajibu kwamba hatujui kisa cha mtu yeyote aliyefika kwa kuahidiwa. Al-Habsi alikuwa na kazi mkononi na mpira mguuni kwa wakati mmoja, na ile kazi haikuiua ndoto. Ari inayokufa kwa kusikia "mmoja katika mia" haitastahimili miaka ya kukaa benchi katika mji wa baridi. Kijana mwenye moyo huisikia hesabu hiyo akauliza, "Huyo mmoja hufanya nini?" Hapo mazungumzo ya maana ndiyo yanaanza.

Limebaki moja, nalo kwetu ndilo zito. Tunapouliza "atafika?" huwa tumeshaamua kwamba mpira usiofika ni wakati uliopotea. Tumewageuza watoto wetu kuwa mtaji, na mtaji usiozaa ni hasara. Lakini kijana aliyecheza miaka sita kwa nidhamu, akajifunza kushindwa mbele ya watu na kumpasia mwenziwe aliyekaa vizuri zaidi, hakupoteza, hata akiishia mhasibu wa Ruwi anayecheza ufukweni Ijumaa jioni. Katika kila mia, kwa uchache tisini na wanne watakuwa kama yeye. Jibu lolote tunalompa mzazi ni lazima liwafae na hao, kwa sababu ndio wengi, na ndio wetu.